Somo: Kulinda DVD unazotoa mwenyewe zisikopiwe ovyo

Somo hili ni la wanaorekodi na kuchoma DVD wenyewe kwa mafungu madogo: kwaya, vikundi vya kaswida, wapiga video wa harusi, walimu wenye mafunzo yao. Wengi huanza kwa kutafuta programu ya kufunga diski isikopike. Tuanzie hapo hapo, maana ndipo hela nyingi zinapopotelea.

Hatua ya 1: Jua diski tupu inaweza nini

DVD za filamu kutoka kiwandani huwa na kufuli la kidijitali la kuzuia kukopi, liitwalo CSS. Funguo zake hukaa sehemu ya ndani ya diski, karibu na tundu. Kwenye DVD-R tupu za dukani sehemu hiyo imezibwa tangu kiwandani, makusudi, ili asiwepo wa kuandika funguo hizo. Kwa hiyo kompyuta yako haiwezi kuchoma CSS, hata ununue programu ya bei gani. Kuipata ni lazima diski zichapwe kiwandani kwa leseni, na gharama yake haimlipi mtu mwenye nakala mia. Tena CSS yenyewe ilivunjwa mwaka 1999. Mmoja wa waliohusika na programu ya kuivunja, Jon Lech Johansen wa Norway, alikuwa kijana wa miaka 15.

Programu zinazouzwa kwa jina la kuzuia kukopi hufanya kazi nyingine: huweka sehemu mbovu kwenye diski au huvuruga orodha ya mafaili ili kompyuta ishindwe kusoma. Shida ni kwamba deki ya bei nafuu sebuleni kwa mteja nayo inashindwa. Mama kanunua DVD ya kwaya, wimbo wa tatu picha imeganda, kesho yake anairudisha. Mwizi yeye anashusha programu ya bure na kuendelea na kazi yake. Sishauri kabisa.

Hatua ya 2: Nakala halisi iwe bora kuliko ya wizi

Diski ya kawaida ina GB 4.7. Ukiweka video ya saa moja hivi, picha inatulia. Ukisukuma saa nne, nyuso zinavunjika vipande vipande. Wezi hupenda kubana kazi tatu au nne ndani ya diski moja, na mnunuzi anaiona tofauti. Choma kwa kasi ya wastani, funga diski mwishoni (chaguo la "finalize" kwenye programu ya kuchomea) ili isome kwenye deki nyingi, na ijaribu kwenye deki mbili tofauti kabla ya kuchoma fungu zima.

Hatua ya 3: Alama ndani ya picha

Hapa ndipo uweke nguvu zako. Alama ya pembeni hufunikwa kirahisi kwa nembo ya mwingine. Weka jina lako na namba ya simu karibu na katikati, hafifu, kwa sekunde chache, kisha ihame sehemu nyingine ya picha.

Halafu iko alama ya siri. Ukipeleka mzigo kwa mawakala watatu, tengeneza masta tatu, yaani diski mama za kuchomea nakala, moja kwa kila wakala. Kwenye majina ya mwishoni, masta ya Kariakoo ina nukta baada ya jina la mpiga kinanda. Ya Morogoro haina nukta. Ya Dodoma, jina hilo liko kwa herufi kubwa tupu. Siku ukikutana na kopi ya wizi, peleka mbele hadi mwisho, utajua imetoka mzigo upi. Usimrukie wakala, lakini: huenda aliyekopi ni mteja wake.

Hatua ya 4: Uso wa diski na kava

Tumia diski zenye uso mweupe wa kuchapisha, uandike namba ya kila nakala na kuiweka kwenye daftari pamoja na jina la aliyeichukua. Usibandike stika ya karatasi kwenye diski; ikibanduka ndani ya deki inaharibu. Kwa Tanzania, stempu za kodi kwa kazi za muziki na filamu zilianza 2013, hivyo waulize TRA (mamlaka ya mapato) utaratibu kabla ya kuingiza mzigo sokoni. Kenya, waulize KECOBO (bodi ya hakimiliki) kuhusu stika zao.

Hatua ya 5: Ushahidi

Tanzania, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi ni yako tangu ulipoitengeneza. Hata hivyo isajili COSOTA (ofisi ya hakimiliki), na utunze video ghafi zote. Mwizi hana zile sehemu ulizokata.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nikiweka video kwenye faili lenye nywila je?
Jibu: Inafaa kwa mafunzo yanayotazamwa kwenye kompyuta, ila deki haitaisoma. Na mwenye nywila anaweza kumpa mwenzake faili na nywila vyote.

Swali: Kuna DVD zinazokataa kurushwa mbele kwa rimoti. Hiyo si kinga?
Jibu: Hapana. Inazuia vitufe vya rimoti tu, kukopi kunaendelea kama kawaida.

Swali: Bwana harusi kalipa nusu, anataka kuiona kazi kwanza.
Jibu: Mpe sampo ya dakika kumi, alama kubwa katikati muda wote. Kazi safi itoke siku ya kumaliza deni, na mkubaliane hivyo tangu kwenye malipo ya awali.

Swali: Nimeweka wimbo wa msanii ndani ya video ninayouza. Nayo nisajili?
Jibu: Pata kibali cha mwenye wimbo kwanza, dada, kwa maandishi. Bila hicho wewe ndiye utakayeshtakiwa.

Swali: Siku hizi wateja hawana deki, wanataka kwenye flashi.
Jibu: Wape, lakini tengeneza faili la kila mteja peke yake, jina lake likipita kwenye picha mwanzoni na katikati. Kutoa faili upya kunachukua muda, kwa hiyo uhesabu kwenye bei.