SOMO: Jinsi ya kuchagua mkanda mrefu wa injini (serpentaini) na spea zinazoenda nao kwenye SUV

Habari zenu wakuu. Leo tuongelee huu mkanda mmoja mrefu unaozunguka mbele ya injini, wengi tumezoea kuuita fenibelti japo kwenye gari nyingi za siku hizi wala hauzungushi feni, feni ni ya umeme. Mkanda huo huo mmoja ndo unazungusha alteneta, kompresa ya AC, pampu ya pawa stelingi kama gari yako inatumia ya mafuta, na kwenye injini nyingi pampu ya maji pia. Ukikatika njiani taa ya betri inawaka, stelingi inakuwa nzito ghafla mpaka unaivuta kwa mikono miwili, na kama pampu ya maji iko kwenye mkanda huo basi mshale wa joto unapanda ndani ya dakika chache tu, ukilazimisha kufika unaua gasketi au silinda hedi yenyewe.

Nimeamua kuandika kwa sababu limenikuta. SUV yangu ilianza kulia asubuhi ikiwa ya baridi, nikanunua mkanda mpya, nikafunga, ukatulia. Wiki ya tatu sauti ikarudi, nafungua boneti nakuta nyuzi zimetoka pembeni mwa mkanda zinaning'inia, na mstari wa mwisho (yale matuta ya mkanda yanayoingia kwenye mifereji ya puli) umeliwa wote. Mkanda haukuwa na kosa lolote. Ilikuwa aidla (puli, yaani gurudumu dogo la kuuongoza mkanda tu, halizungushi kifaa chochote), beringi yake imelegea na puli imelala upande kidogo sana, kiasi ambacho kwa jicho huoni, kwaiyo kila mzunguko mkanda unajikwangua ukingoni. Tangu hapo sinunui mkanda kabla sijashika kwa mkono kila puli unayopita.

HATUA YA 1: Jua injini, jina la gari halitoshi
Ukienda kusema "nipe mkanda wa Prado" utapewa chochote. Prado 120 peke yake imetoka na 1KD-FTV ya dizeli, 2TR-FE ya petroli silinda 4 na 1GR-FE ya V6, hizo ni njia tofauti za mkanda na urefu tofauti. Hata injini moja, yenye AC na isiyo na AC zinaweza kutofautiana. Beba namba ya chesisi, aina ya injini (kama hiyo 1KD-FTV) na mwaka, na kama kuna mtu aliwahi kukubadilishia alteneta au kompresa ya gari nyingine sema mapema, maana puli ikiwa kubwa au ndogo kuliko ya kiwandani urefu wa mkanda unabadilika.

HATUA YA 2: Soma namba mgongoni mwa mkanda
Mfano imeandikwa 6PK2260. Ile 6 ni idadi ya mistari, PK ni aina ya mistari yenyewe (kutoka mstari hadi mstari ni milimita 3.56), na 2260 ni urefu kwa milimita. Kwaiyo wa mistari 6 una upana wa kama milimita 21 na wa 7 kama 25. Kuna makampuni yanaandika kwa inchi, hapo unazidisha mara 25.4, inchi 89 inakupeleka kwenye 2260 hiyo hiyo.

Wapo wanaofunga wa mistari 6 kwenye puli za mistari 7 kwa sababu unakaa na gari inawaka. Unakaa kweli, ila mzigo uliopaswa kubebwa na mistari 7 unabebwa na 6, AC ikiwaka na taa zimewaka unaanza kuteleza na kulia. Msifanye hivyo jamani.

Alafu usiuamini mkanda wa zamani moja kwa moja, labda aliyeufunga alikosea na yeye. Linganisha namba yake na katalogi ya spea kwa kutumia namba ya chesisi, vikipishana fuata katalogi.

HATUA YA 3: Usisubiri nyufa
Mikanda ya zamani ilikuwa ya neoprini, ikichoka inapasuka nyufa unaziona. Ya sasa mingi ni ya EPDM, mpira ambao haupasuki kirahisi, wenyewe unalika kama tairi. Unaweza kuuangalia ukasema bado mzima kumbe mifereji imeshapanuka, na mkanda unazama mpaka chini ya puli badala ya kushika pembeni. Mimi napima hivi: nachukua mkanda mpya na wa zamani, nabananisha mistari kwa mistari, alafu nausukuma wa zamani kushoto na kulia. Ukikaa umetulia haujalika sana, ukicheza cheza basi umeisha.

Ukikuta umelowa oili au maji ya rejeta, tafuta kwanza panapovuja. Oili inauvimbisha mpira, ukifunga mpya juu ya uvujaji utaharibika vile vile.

HATUA YA 4: Tenshena
Hii ni mkono wenye springi na puli unaoukaza mkanda usilegee. Ndo watu wanairuka kuliko zote, wakati springi yake imefanya kazi kilomita zile zile na mkanda. Injini ikiwa inawaka AC iko on, angalia mkono wa tenshena (mikono na nguo mbali kabisa na mkanda). Kutikisika kidogo ni kawaida, ila ukipiga piga kwenda na kurudi hiyo imechoka. Zima injini, weka spana, ivute taratibu mpaka mwisho na uirudishe taratibu, inatakiwa iende laini bila kukwama kwama wala kukwaruza. Tenshena nyingi zina alama ya mshale na mistari miwili, mshale ukiwa nje ya mistari ujue mkanda una urefu ambao sio au umelika sana. Zile za haidroliki angalia kama zimetoa mafuta, ikitoa hakuna kurekebisha, badilisha.

HATUA YA 5: Aidla na puli zingine
Mkanda ukiwa umetolewa ndo muda wako. Zungusha kila puli kwa kidole huku sikio liko karibu. Beringi nzima inazunguka kimya kabisa na inasimama taratibu. Ukisikia kama kuna mchanga ndani, hiyo imekauka grisi. Na ikizunguka muda mrefu sana bila kusimama, kama ya baiskeli, usifurahi, grisi haipo. Baada ya hapo ishike juu na chini uitikise, isicheze hata kidogo.

Wakati wa kununua angalia vitu hivi: kipenyo kiwe kile kile, upana ule ule, na puli iwe ya mifereji au laini kama iliyotoka. Sehemu mkanda unapopita kwa mgongo puli ni laini, unapopita kwa mistari puli nyingi zina mifereji. Aidla nyingi zinatumia beringi 6203 (tundu milimita 17, nje 40, unene 12), kwaiyo kama puli ni ya chuma na haijalika unaweza kupiga beringi mpya peke yake. Ya plastiki mimi nanunua nzima, maana plastiki nayo inalika na kupasuka. Kuwa makini na bolti, baadhi zina nyuzi za kushoto (zinafunguka kwa kuzungusha kulia), ukilazimisha upande wa kawaida unaikata.

HATUA YA 6: Puli ya alteneta na ya krenki
Alteneta za gari nyingi, hasa dizeli, zina puli ya klachi. Shikilia feni ya alteneta isizunguke, zungusha puli: upande mmoja iende, upande wa pili ishike. Ikishika pande zote au ikienda pande zote imekufa, na itaua tenshena mpya uliyonunua. Puli ya krenki (shafti kuu ya injini, ndo inayouzungusha mkanda) ina mpira katikati ya duara mbili za chuma, angalia kama umepasuka au duara la nje linayumba injini ikiwaka.

HATUA YA 7: Kufunga
Piga picha njia ya mkanda kabla hujatoa, hata kama kuna stika ya mchoro chini ya boneti. Usiukunje mkanda mpya wala kuupindua ndani nje, nyuzi za ndani zinavunjika. Ukishakaa pitisha kidole kila puli uhakikishe hakuna mstari ulioruka mfereji, ndo uwashe.

MASWALI YENU

Swali: Mkuu asante kwa somo, yangu sioni tenshena kabisa, je iliondolewa?
Jibu: Inawezekana inatumia mkanda wa kunyumbulika, huo unajivuta wenyewe, na injini zingine zina mikanda miwili, mmoja ni huo. Hakikisha kwenye katalogi. Kama ndo wenyewe usiweke wa kawaida kwa kuwa urefu unafanana, na ukishautoa usiurudishe, weka mpya kwa kifaa chake maalum. Kuna nyingine pia tenshena ni ya bolti ya kukaza kwa mkono, angalia pembeni mwa alteneta.

Swali: Kaka yangu inalia kila nikiwasha asubuhi, nitajuaje ni mkanda au puli?
Jibu: Injini ikiwa silensa (inawaka bila kukanyaga mafuta, gari imesimama), nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya kupulizia upande wa mistari, mikono mbali. Sauti ikipotea alafu ikarudi baada ya muda, puli haziko kwenye mstari mmoja. Ikizidi, mkanda unateleza, tenshena imelegea au mkanda umelika. Isipobadilika kabisa ishuku beringi.

Swali: Fundi wangu anapaka sabuni au anapulizia dawa ya mkanda, inasaidia?
Jibu: Inanyamazisha siku mbili tatu, uchafu unaganda kwenye mifereji na sauti inarudi mbaya zaidi. Mwambie asipake chochote, akague puli.

Swali: Tenshena yuzdi (iliyotumika) naweza kuweka mzee?
Jibu: Mimi siweki. Springi iliyochoka huwezi kuiona kwa macho. Kama hela ni ya kitu kimoja na mkanda bado haujalika, bora tenshena mpya.

Swali: Nibadilishe kila kilomita ngapi?
Jibu: Fuata kitabu cha gari kwanza. Mikanda ya EPDM mingi inafika kwenye kilomita 100,000 mpaka 160,000, lakini vumbi, matope na uvujaji vinashusha hiyo namba sana, kwaiyo kila sevisi fungua boneti uangalie. Ukifika kwenye mkanda wa pili badilisha na tenshena na aidla kwa pamoja, kazi ya kufungua ni ile ile.

Swali: Nimefunga mpya jana, mshale wa tenshena uko nje kidogo ya alama, nitembee tu?
Jibu: Usitembee safari ndefu. Hakikisha kwanza mkanda umepita njia sahihi kwenye mchoro, puli moja ukiikosa urefu unakataa. Njia ikiwa sahihi basi mkanda sio wake, rudisha dukani kabla haujachafuka.