Jinsi ya kuandika historia ya timu ya mtaani kwenu, tulivyofanya sisi Lindi

Mwaka juzi tulikuwa tunaprinti jezi mpya za timu yetu ya mtaa hapa Lindi mjini, kijana mmoja akasema jamani chini ya nembo tuweke mwaka wa kuanzishwa kama timu kubwa, basi balaa likaanzia hapo. Mzee mmoja akasema 1974, mwingine akaapa kwa mikono miwili kwamba ni 1979, katibu akaenda kwake akarudi na cheti kimeandikwa 1983. Kikao kikavunjika watu wamenuniana, jezi zikaja hazina mwaka. Mi ndo nikajitwisha huo mzigo wa kutafuta ukweli, na kwa vile kuna ndugu zangu wa Mikindani na Nachingwea washaniuliza nilifanyaje, naandika yote hapa, mwenye timu yake ya daraja la nne achukue kinachomfaa.

Kwanza nimalize ule ugomvi. Wazee wote wawili walikuwa sahihi, na cheti nacho sahihi. 1974 vijana wa mtaani walianza kucheza pamoja kwenye kiwanja cha mchanga, hawana jina wala kiongozi, wana mpira mmoja tu. 1979, wale waliokwenda vita vya Kagera wakisharudi, wakaungana na timu ya mtaa wa pili ndo likazaliwa jina tunalotumia leo. 1983 ikasajiliwa. Kwa iyo usimuulize mzee "timu ilianza lini?", hilo swali ni bovu, litakuletea ugomvi. Ligawe. Lini mlianza kucheza pamoja, lini mkapata jina, lini mkasajiliwa, lini mkaingia ligi ya wilaya. Ni maswali manne na kila moja lina mwaka wake.

Na usidhani ni ushamba wetu huu. Kule Marekani kwenye besiboli wana ligi za chini, timu za miji midogo ambako timu kubwa zinalea vijana wao, na historia zake zina mkorogo huu huu. Kuna timu moja maarufu ya mji wa Durham inaitwa Bulls, ilianza 1902 lakini ilikuwa inaitwa Tobacconists, yaani watu wa tumbaku, maana mji wenyewe ulikuwa unaishi kwa tumbaku, ni kama sisi tungejiita Wakorosho. Jina la Bulls limekuja 1913. Sasa ukiwauliza wale timu yao imeanza lini si nao watashikana mashati?

Ila wale wametuzidi kitu kimoja tu, kuandika. Kuna mechi ya ligi zao za chini ya 1981, Pawtucket na Rochester, ilianza Jumamosi usiku tarehe 18 Aprili. Mechi ya kawaida ina zamu 9, hii ikaenda, ikaenda, imefika zamu ya 32 saa kumi alfajiri bado sare, wakaisimamisha. Wakaja kuimalizia tarehe 23 Juni, zamu moja, dakika 18, Pawtucket wakashinda 3-2. Kwenye kumbukumbu imeandikwa mpaka idadi ya watazamaji, wameingia 1,740 na ile alfajiri walikuwa wamebaki 19. Kumi na tisa! Timu yenyewe Pawtucket haipo tena, 2021 ilihamia mji mwingine unaitwa Worcester, lakini wale 19 wako kwenye maandishi. Sa we jiulize timu yenu fainali ya mbuzi mwaka juzi tu ilikuwa ngapi ngapi, na nani alifunga. Utasikia "tuliwapiga nyingi".

Haya tuingie kazini.

Mi nilianza vibaya. Niliwaita wazee sita kwa pamoja kijiweni, nikanunua kahawa na kashata, nikawasha simu irekodi. Ikawa hasara tupu, kwa sababu anayejua kuongea ndo aliongea, wengine wakawa wanaitikia "enhe, enhe, ndo ivo", alafu kesho yake nikikutana na mmoja sokoni ananivuta pembeni, "mjukuu wangu, yule jana kakudanganya". Mfuate kila mtu kwake, peke yake, na usiende mikono mitupu, kilo ya sukari au fungu la ming'oko linafungua mdomo kuliko swali lolote. Ukishamaliza na wote mmoja mmoja ndo uwakutanishe, hapo sasa we una karata mkononi.

Kingine, usiombe stori, omba vitu. Ukimwambia mzee "nieleze historia ya timu" atakupa hotuba ya mwenge. Mwambie "una picha yoyote, jezi, barua, kombe, daftari?" Kitu kikishatoka kabatini stori inakuja yenyewe na inakuja na ushahidi. Dhahabu yangu mi niliipata kwa mjane wa aliyekuwa mweka hazina, kauntabuku lile kubwa la jalada gumu, kurasa za mwanzo ni mapato na matumizi ya timu, za nyuma bi mkubwa kaandika madeni yake ya maandazi. Humo ndani kuna kila kitu, nauli ya lori kwenda Nyangao, ndimu za mapumziko, sabuni ya kufulia jezi, faini ya kadi nyekundu, na kuna mstari unajirudia kila kabla ya mechi kubwa umeandikwa "kamati ya ufundi" bila maelezo. Wote tunajua kamati ya ufundi ni nini. Ushauri wangu hapo andika kama daftari lilivyoandika, jina la mganga usiweke, familia yake bado ipo hapo hapo mtaani.

Na tafadhali usiwasahau akina mama. Mama aliyekuwa anafua jezi miaka ile aliniambia namba ya kila mchezaji, jezi ipi ilikuwa na kiraka, nani alikuwa anarudisha chafu makusudi, vitu ambavyo hata kapteni kasahau. Wazee wa kiume wanakumbuka magoli yao tu, na kila mwaka magoli yanaongezeka.

Tarehe ndo sehemu ngumu kuliko zote. Watu wetu hawakumbuki miaka kwa namba, na hata we usiwalazimishe, atakutajia mwaka wowote ili umuache apumzike. Tumia matukio. Sokoine alikuwa keshafariki? Hiyo ni Aprili 1984, mtu mzima yeyote anakumbuka alikuwa wapi. Kabla au baada ya ule msako wa wahujumu uchumi? Huo ni 1983. Mvua za El Nino, 1997 kuingia 1998. Msiba wa Mwalimu, Oktoba 1999. Mkienda Dar kucheza mlivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu au mlipita juu ya daraja la Mkapa? Kama ni pantoni basi ni kabla ya 2003. Kwa huku kwetu kuna na kipimo kingine kizuri, jando. Muulize mchezaji ulikuwa umeshatoka jandoni, ulitoka na kina nani, ukipata rika moja lenye mtu mwenye cheti cha kuzaliwa umewapata wote. Na msimu wa korosho nao unasaidia, mechi ya kiingilio na watu wamejaa mara nyingi ni baada ya korosho kuuzwa, mtu akikwambia ilikuwa mwezi wa nne na watu walijaa na fedha mkononi muulize tena taratibu.

Jezi nazo zina umri wake. Jezi nyingi za mtaani huku zimeletwa na wagombea, kwa iyo ukikuta jezi ina jina la mheshimiwa mgongoni hesabu miaka ya uchaguzi, 1995, 2000, 2005, inaenda ivo kila miaka mitano. Yetu ya kijani tuliipata kwa hesabu hiyo, ubishi wa miaka kumi ukaisha kwa dakika tano.

Sasa madaraja. Hapa watu wengi wanaandika uongo bila kujua. Mzee akikwambia "sisi tulicheza daraja la kwanza" miaka ya 80 usikimbilie kuandika, kwa sababu majina ya ligi yamebadilishwa mno. Zamani daraja la kwanza ndo lilikuwa juu kabisa, hili jina la Ligi Kuu limekuja miaka ya 90 mwishoni, alafu daraja la kwanza likawa ligi ya pili, na siku hizi hiyo ya pili inaitwa Championship. Andika jina lililotumika mwaka ule na pembeni eleza ilikuwa ngazi ya ngapi kutoka juu. Hata chama chenyewe cha soka cha taifa zamani kilikuwa FAT, sio TFF, ukiona barua ya mwaka 1985 ina nembo ya TFF ujue kuna mtu kaichonga.

Kwenye makaratasi ya serikali anzia kwa afisa michezo wa wilaya, ulizia faili la usajili na katiba ya timu, maana vyama vya michezo vinasajiliwa chini ya sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya 1967. Nenda pia chama cha soka cha mkoa, yaani LIREFA kwa Lindi, au MTWAREFA kama uko Mtwara, wakikuta faili mshukuru Mungu. Na kitu ambacho kilinipotezea mimi wiki mbili nzima, mkoa wa Lindi umekatwa kutoka Mtwara 1971, kabla ya hapo tulikuwa mkoa mmoja, kwa iyo timu ya Lindi ya miaka ya 60 karatasi zake usizitafute Lindi, panda gari uende Mtwara. Ofisi moja (siitaji) niliambiwa mafaili ya zamani yaliliwa na mchwa, nikaondoka, nikarudi mwezi unaofuata akiwepo mhudumu mwingine, nikayakuta yamefungwa kamba juu ya kabati yana vumbi tu. Rudi mara mbili, hata tatu.

Magazeti ya zamani, Uhuru na Mzalendo, yapo maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kitengo cha East Africana, beba barua ya utambulisho. Usiende kupekua tu, nenda na mwezi na mwaka ulioshaupata kwa wazee, vinginevyo utazeeka humo. Timu kama yetu itakuwa na mistari miwili chini kabisa ya ukurasa, "matokeo ya mikoani", lakini mistari miwili hiyo ina tarehe na magoli.

Kuhusu simu. Weka hali ya ndege kabla ya kurekodi, la sivyo mzee kafika patamu shemeji anapiga. Anza kwa kutaja jina lake, tarehe na mahali, mwenyewe aseme anakubali kurekodiwa. Picha za karatasi zipige karibu na dirisha bila flashi, mbele na nyuma, nyuma mara nyingi kuna mwandiko. Usiandike juu ya picha kwa biki, penseli laini, nyuma, pembeni. Ukituma WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inakamuliwa inakuwa ukungu. Na nakala weka sehemu tatu siku hiyo hiyo. Mi simu yangu ilidondoka majini kwenye boti ya kuvuka kwenda Kitumbikwela ikiwa na mahojiano manne, matatu nikayarudia, la nne mzee alikuwa keshatangulia.

Ukianza kuandika usiogope kuweka vipigo. Mwenyekiti wetu alitaka nifute ile mechi ya uwanja wa Ilulu tuliyokula saba, nikamwambia mzee nikiifuta hiyo nani ataamini zile tulizoshinda? Tukabishana wiki nzima, ikabaki. Mahali ambapo watu wawili wamepishana na ushahidi hakuna, weka maneno ya wote wawili, na majina yao wakiridhia. Usijilinganishe na wakubwa pia. Ndanda wa Mtwara walipanda Ligi Kuu 2014, Namungo wa Ruangwa 2019 na mwaka uliofuata wakacheza fainali ya kombe la shirikisho na Simba wakafungwa 2-1, hao wameandikwa na magazeti yote. Ya kwenu hamna mtu mwingine atakayeyaandika, kwa iyo hata nani alikuwa anapiga filimbi mazoezini weka.

Yetu imetoka kurasa 22, nakala kumi za fotokopi, moja nimeipeleka maktaba ya mkoa, moja kwa afisa michezo, moja anayo yule mjane na kauntabuku lake nimemrudishia. Jezi mpya zina miaka mitatu chini ya nembo, 1974, 1979, 1983, fundi wa kuprinti alitucheka.

Picha ya kikosi cha 1983 nimeibandika kijiweni pale Mtanda ndani ya nailoni, wachezaji kumi wana majina, kipa tu hajulikani, nikaacha na penseli kwa uzi anayemjua aandike pembeni. Mpaka juzi yameandikwa majina manne, na mawili kati yake ni ya watu walioandika wenyewe.