Jinsi ya Kupima Habari za Mastaa wa Korea Kabla ya Kuzisambaza

Habari ya msanii wa Korea Kusini inapokufikia kwa Kiswahili, mara nyingi imeshapita mikono mitatu au minne: gazeti la Seoul, akaunti ya mashabiki iliyoifasiri kwa Kiingereza, kisha ukurasa wa udaku ulioitia chumvi. Kazi ya kwanza, basi, ni kuirudisha ilikotoka na kuuliza ni nani hasa aliyeisema.

Ikiwa habari inahusu mkataba, anzia kwenye kampuni. HYBE, SM, JYP na YG, kampuni kubwa zinazosimamia wasanii wa huko, zote zimo katika soko la hisa, kwa hiyo mambo mazito yanayowahusu wawekezaji hutangazwa kwenye DART, mfumo wa taarifa za makampuni ambao mtu yeyote anaweza kuusoma mtandaoni bila malipo. Chukua mfano wa Blackpink, kundi la muziki la YG. Kundi hilo lilianza Agosti 2016, na kwa kuwa mkataba wa mfano uliotolewa na serikali mwaka 2009 unaweka kikomo cha miaka 7, waliojua hesabu hiyo walitarajia minong'ono kufikia Agosti 2023. Minong'ono ilikuja kweli, kila wiki na lake kuhusu nani atabaki na nani ataondoka, huku YG ikijibu tu kwamba mazungumzo yanaendelea. Tarehe 6 Desemba 2023 kampuni ilitangaza kwamba wanachama wote wanne wametia saini mkataba wa shughuli za kundi. Kabla ya mwezi kwisha ikafahamika kwamba mikataba ya msanii mmoja mmoja haikuhuishwa. Aliyesoma tangazo la kwanza kwa pupa alieneza kwamba wote wamebaki YG kwa kila jambo, kumbe tangazo lenyewe halikusema hivyo. Soma, kwa hiyo, ni mkataba upi unaotajwa.

Habari za mapenzi ni ngumu zaidi. Gazeti la mtandaoni la Dispatch limejijengea jina kwa kufichua wapenzi maarufu wakati wa Mwaka Mpya, na huwa na picha. Kurasa nyingi zinazolinukuu hazina chochote. Kampuni ikijibu kwamba hilo ni jambo la maisha binafsi, mashabiki hulichukua kuwa ni kukiri. Mimi nisingeliandika hivyo, kwa sababu jibu hilo halikubali wala halikanushi.

Ukikuta habari ya "mwigizaji A" asiye na jina, usijitie kulitafuta na kulitangaza. Sheria ya jinai ya Korea Kusini inaweza kumtia mtu hatiani kwa kumharibia mwingine heshima hata kama alichosema ni kweli, na hiyo ni sababu mojawapo ya magazeti ya huko kuficha majina. Mtu anayekisiwa kuwa ndiye A mara nyingi siye kabisa.

Uvumi wa jeshini, ambako wanaume wa Korea Kusini hutumikia kwa lazima, ndio mwepesi kuliko yote, kwani unapimwa kwa kalenda. Utumishi katika jeshi la nchi kavu ni miezi 18: Jin wa kundi la muziki la BTS aliingia tarehe 13 Desemba 2022 akatoka tarehe 12 Juni 2024. Anayekuambia kwamba fulani ataachiwa baada ya mwaka mmoja, mwombe taarifa ya kampuni.

Kwa habari za mastaa wa China, subiri vyombo vya dola. Mwigizaji Fan Bingbing alipotoweka hadharani mwaka 2018, uvumi wa kila aina ulienea kwa miezi mitatu hadi mamlaka ya kodi ilipotangaza mwezi Oktoba kwamba anadaiwa zaidi ya yuan milioni 800, kodi na faini pamoja.

Mwisho, angalia saa. Seoul imetutangulia kwa saa 6, na habari inayotoka huko saa nne asubuhi hutukuta Afrika Mashariki saa kumi alfajiri, tukiwa usingizini. Kufikia wakati unapofungua simu, huenda kampuni imeshakanusha. Tafuta kwanza jibu lake, ndipo usome tuhuma.