Eksteno ya bakapu: piga hesabu ya ukubwa, kisha uipime kabla ya kuiamini

Kijana mmoja wa Sinza anayepiga picha za harusi aliniomba nimsindikize Kariakoo kununua diski ya nje (eksteno) ya kuwekea bakapu, yaani nakala za akiba za kazi zake. "Kaka, laptopu yangu ni GB 512, nikichukua ya 500 si inatosha?" Haitoshi, na wengi hununua kwa hesabu hiyo hiyo. Sisi tulifanya hivi.

Hatua ya 1: Angalia kilichojaa

Kwenye Windows, bofya kulia juu ya diski C, chagua Properties, usome Used space. Yeye alikuwa na GB 380. Kazi zilizobaki kwenye flashi na memori kadi zijumlishe humo humo.

Hatua ya 2: Hesabu ya miaka miwili

Kazi zake humwongezea kama GB 40 kwa mwezi, baada ya kufuta picha mbovu. Bibi harusi mmoja siku hizi ana kitchen party, send-off na harusi yenyewe, na picha moja ya RAW (picha ghafi isiyobanwa kuwa JPEG) ya kamera ya megapikseli 24 ni kama MB 25. Miezi 24 inampa GB 960. Ongeza zile 380, unapata 1,340. Kisha zidisha kwa 1.5, kwa sababu programu za bakapu kama File History ya Windows na Time Machine ya Mac hutunza pia matoleo ya zamani ya mafaili. Jumla ni GB 2,010.

Hapo mtu atakwambia chukua ya TB 2. Kiwandani TB 1 ni baiti trilioni moja, lakini Windows hugawanya baiti hizo kwa 1,024 mara tatu kupata GB, kwa hiyo diski ya TB 2 ukiichomeka utaona GB 1,863 tu. Tukachukua ya TB 4. Kama kazi yako ni barua na mahesabu ya Excel, TB 1 inakutosha kabisa. Wenye Mac, Apple wenyewe wanashauri diski ya Time Machine iwe angalau mara mbili ya ukubwa wa diski ya kompyuta.

Hatua ya 3: Aina

Chukua HDD (diski ya sahani zinazozunguka) ndogo ya inchi 2.5 inayokula umeme wa USB. Zile kubwa za inchi 3.5 zina adapta yake ya ukutani, na umeme ukikatika katikati ya kunakili diski inazima hapo hapo. Kwa Dar siishauri hata kidogo.

Hatua ya 4: Pima kama ukubwa ni wa kweli

Hatua hii usiiruke. Kuna diski bandia, hasa zile "SSD" (diski za chipu zisizo na sahani) ndogo zilizoandikwa TB 16 na kuuzwa kwa bei ya flashi. Ndani unakuta memori ya GB 64, ila chipu yake imechezewa ili iidanganye kompyuta. Ni daftari la kurasa kumi lenye jalada la kurasa mia mbili. Unanakili, majina ya mafaili unayaona na ukubwa wake unauona, lakini ukifungua picha hakuna kitu. Kwa hiyo kuona majina hakuthibitishi chochote. Wala usitegemee uzito, maana wengine hutia vyuma ndani.

Kwenye Windows tumia programu ya H2testw. Linux na Mac tumia F3. Zote mbili hujaza diski yote data inayojulikana, kisha huisoma tena kulinganisha. Pima diski ikiwa tupu. Na uwe na subira: kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde, TB 4 inachukua saa 11 kuandika na kama hizo tena kusoma. Tundu la zamani la USB 2 linaweza kuzidisha muda huo mara tatu, kwa hiyo tafuta la USB 3, ambalo mara nyingi ni la bluu. Zima mpangilio wa laptopu kulala yenyewe, la sivyo italala usiku na jaribio litakatika. Chaja iwe imechomekwa, betri iwe nzima. Ukiwa na F3 na umeme ukakusumbua, unaweza kuendelea ulipoishia kwa kuongeza `--start-at` kwenye amri yake. Hii ndiyo sababu mimi naipenda kuliko mwenzake.

Dukani huwezi kusubiri saa zote hizo. Basi kabla ya kulipa, kubaliana na muuzaji kwamba ikifeli unairudisha, dai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi), na namba ya utambulisho (serial number) iliyo nyuma ya diski iandikwe kwenye karatasi yenye muhuri wake. Muuzaji anayekataa kuiandika, nenda duka la jirani.

Hatua ya 5: Fomati na uanze

Kama unatumia Windows pekee, chagua fomati ya NTFS. Time Machine itaifomati yenyewe. Fomati ya exFAT iache kwa diski za kuhamishia kazi, kwa sababu ikichomolewa ghafla huharibika kirahisi zaidi. Bakapu ya kwanza ikimaliza, rudisha folda moja kwenye kompyuta nyingine na ufungue picha kadhaa za ndani yake. Kisha diski ikae nyumbani, isitembee kwenye begi moja na laptopu.