Kupaka rangi vipande vya plastiki vya ndani ya gari, hapo hapo nyumbani

Gari la mtumba kutoka Japani linaweza kufika na injini nzima na bodi safi, lakini ukikaa kwenye kiti unaona umri wake. Silva imechubuka kuzunguka redio, paneli za swichi za vioo zimelika kwa pete na kucha, na ile mbao bandia ya Toyota Premio ya 2001 hadi 2007 imejaa mikwaruzo. Ukienda kutafuta kipande kingine kwenye maduka ya spea za mtumba, mara nyingi utauziwa kilichochubuka vilevile. Rangi ya kopo la kupuliza inaweza kuimaliza kazi hiyo kwa siku mbili za mapumziko, na ikadumu.

Neno "ikadumu" ndilo gumu. Rangi ya ndani ikianza kubabuka, watu hulaumu rangi. Mimi kwanza huuliza gari lilikuwa likipakwa polishi gani ya dashibodi. Zile za kung'arisha haraka nyingi zina silikoni, na silikoni haipatani na rangi hata kidogo. Kwa hiyo usishangae ukiona nimekaa sana kwenye kuosha na nimepita haraka kwenye kupuliza.

Hatua ya 1: Amua kipi kipakwe, kipi kiachwe

Anza na vipande vigumu vinavyofunguka bila vita: fremu ya redio, paneli za swichi za milangoni, fremu ya gia, urembo wa dashibodi.

Usipake vifuniko vya eabegi, yaani kile cha katikati ya usukani, cha upande wa abiria, na nguzo zozote zilizoandikwa "SRS AIRBAG". Vimetengenezwa vipasuke mahali maalumu kwa kasi maalumu. Tabaka la rangi linaweza kuvuruga upasukaji huo, na vipande vikavu vya rangi vikaruka usoni kwa mtu. Usipake pia vifungio vya mkanda, vitufe vyenye alama zinazowaka usiku, wala mapezi ya matundu ya AC yanayozunguka kwa kubana, maana unene mdogo tu wa rangi unatosha kuyafanya yagome.

Kuhusu mng'ao, ushauri wangu ni nyeusi au kijivu cha mkaa kisichong'aa sana. Nyeusi ya kung'aa inapendeza siku ya kwanza, baada ya hapo kila alama ya kidole na kila chembe ya vumbi inajitangaza, na vumbi hatujawahi kupungukiwa nalo. Kwa sehemu ya juu ya dashibodi hili si suala la urembo tu: rangi ya kung'aa hurudisha mwanga kwenye kioo cha mbele na kukusumbua unapoendesha mchana.

Hatua ya 2: Fungua vipande

Kabla ya kugusa betri, jiulize kuhusu redio. Redio nyingi za Toyota zilizokuja na gari kutoka Japani zina ulinzi wa wizi: umeme ukikatika, zikiwashwa tena zinaomba namba ya kufungua, na skrini inakuonyesha neno ERC. Kama redio yako ni ya namna hiyo na huna namba, zungumza kwanza na fundi redio wako.

Kama utatoa fremu ya gia kwenye gari la otomatiki, vuta hendibreki, weka mawe kwenye tairi, kisha peleka gia N kabla ya kukata umeme. Betri ikishatoka, gia hubaki imefungwa kwenye P na fremu haitapita.

Sasa zima gari, toa ufunguo (gia ikiwa N huenda usitoke, usiulazimishe), fungua waya wa hasi wa betri kwa spana namba 10. Toyota huelekeza kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kufanya kazi karibu na eabegi. Mimi hunywa chai kwanza. Soketi za rangi ya njano ni za mfumo wa eabegi, usizichomoe wala kuzipima.

Klipu zinatoka kwa kuvutwa sawasawa, karibu na klipu yenyewe. Tumia kibanzi cha plastiki, na kama una bisibisi bapa tu, izungushie tepu mdomoni. Gari likikaa juani kidogo plastiki hulainika, kazi inakuwa rahisi. Kipande kikigoma, usiongeze nguvu, tafuta skrubu iliyofichwa nyuma ya kifuniko kidogo au ndani ya droo. Piga picha kila hatua kwa simu, na skrubu za kila kipande zifunge kwenye mfuko wake.

Hatua ya 3: Geuza kipande usome nyuma

Nyuma ya plastiki nyingi za gari kuna herufi zilizochongwa kati ya mishale miwili. >ABS< au >PC+ABS< ni habari njema, kwani hupokea praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia, bila shida. >PP<, >PP-T20<, au chochote chenye PP ndani yake, ni plastiki ambayo karibu kila kitu huteleza juu yake. Hiyo lazima ipate kwanza dawa ya kushikisha rangi kwenye plastiki, ambayo wauza rangi za magari huwa nayo ya kopo. Waambie unataka praima ya plastiki ya PP, ile isiyo na rangi, ya kutangulia.

Hakuna maandishi? Kwangua kipande kidogo sana upande wa nyuma usioonekana, kitumbukize kwenye maji yenye tone la sabuni. ABS huzama, PP tupu huelea. PP iliyochanganywa na unga wa talki inaweza kuzama pia, kwa hiyo ukiwa na shaka, pulizia dawa ya kushikisha. Haidhuru ABS kama kopo limeandikwa linafaa plastiki zote.

Hatua ya 4: Osha, kisha osha tena

Hapa ndipo rangi inaposhika au inapokataa. Kosa la kawaida ni kuanza na msasa. Ukisugua msasa juu ya plastiki yenye silikoni, unaisambaza na kuisukuma ndani ya mikwaruzo, na baadaye hakuna sabuni itakayoifikia vizuri.

Toa swichi na sponji zote. Loweka kipande kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki mkuukuu, hasa kwenye kona, kwenye mifereji na pembeni mwa matundu ya swichi, maana polishi hujikusanya huko. Suuza kwa maji yanayotiririka. Rudia. Ukimaliza, mwagia maji safi uangalie yanavyokaa: yakitawanyika sawasawa, vizuri. Yakikimbiliana na kufanya matone sehemu moja huku kwingine yametulia, sehemu hiyo bado ina mafuta.

Kikikauka, futa kwa dawa ya kuondoa mafuta wanayotumia mafundi rangi, au spiriti ya isopropili. Tumia vitambaa viwili: kimoja chenye dawa, kingine kikavu kinachofuata papo hapo nyuma yake. Ukiacha dawa ikauke yenyewe, mafuta yanarudi mahali pake. Badilisha kitambaa mara kwa mara. Usitumie thina wala asitoni kwenye ABS, huila na kuilainisha. Petroli nayo huacha mafuta yake.

Tangu hapa, vaa glavu. Jasho la vidole tu linaweza kukuharibia.

Kuna magari, hasa ya Ulaya, ambayo vitufe na paneli zake zina mpira laini juu na joto huugeuza kuwa unata. Huo hauokolewi. Utoe wote kwa spiriti na kitambaa, kwa subira, hadi ufikie plastiki ngumu.

Hatua ya 5: Msasa

Kwa mbao bandia, huhitaji kuitoa yote. Juu yake kuna kliya nene, yaani tabaka la juu lisilo na rangi linalolinda, na lengo ni kuua mng'ao tu. Anza na msasa wa maji namba 400, maliza na 600, ukiulowesha kwenye maji yenye sabuni kidogo. Kipande kikikauka kiwe cheupe-cheupe, bila doa linalong'aa hata moja. Kama kliya imepasuka au filamu ya mbao imeinuka, kwangua mpaka iishe, la sivyo mpasuko utatokeza juu ya rangi mpya.

Silva iliyochubuka ina ukingo unaosikika kwa kucha. Anza na 320 mpaka kucha isisikie kitu, ndipo uende 600. Mkwaruzo wa ndani sana jaza puti ya plastiki, si ile ngumu ya bodi ambayo hupasuka kipande kikijikunja.

Plastiki yenye umbo la mikunjo kama ngozi usiipige msasa mkali, utafuta umbo lake na halirudi. Sugua kwa ile sponji ya kijani ya kuoshea vyombo na sabuni, inatosha.

Osha, kausha, futa tena kwa spiriti.

Hatua ya 6: Mahali na saa

Kwa watu wa pwani hii ina uzito kuliko chapa ya rangi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, rangi inayokauka haraka hupoza uso wa kipande, maji ya hewani hutua juu yake, na unapata ukungu mweupe ndani ya rangi. Masika usijaribu mvua inapotishia. Mimi napenda asubuhi, umande ukishakauka na upepo wa baharini haujaanza kupeperusha mchanga. Jioni ina wadudu, na taa ikiwashwa wote wanahamia kwenye rangi yako.

Chagua kivuli chenye hewa: baraza, kibanda cha gari kilicho wazi. Nyunyizia maji sakafuni kidogo ili vumbi litulie. Vipande viweke juu ya maboksi au vining'inize kwa waya uliopita kwenye matundu ya nyuma, ili usivishike hata kidogo. Ziba kwa tepu ya karatasi maeneo ya klipu na sehemu zinazoteleza.

Barakoa ya kawaida ya hospitali haizuii mvuke wa thina. Tafuta ile yenye vichujio vya mkaa. Na kliya ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), waachie wenye vifaa: ina isosayaneti, inayoharibu mapafu. Kwa nyumbani, kliya ya kopo ya kawaida yatosha. Jiko na sigara vikae mbali.

Hatua ya 7: Kupuliza

Tikisa kopo dakika mbili tangu usikie kigololi kikigonga. Jaribu kwenye kadibodi. Shika kopo sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye kipande, anza kupuliza kabla ya ukingo na uachie baada ya kuuvuka, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia.

Kama ni PP, dawa ya kushikisha inatangulia, tabaka moja jepesi au mawili, na praima ifuate ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Praima mara mbili, ikauke, kisha upitishe msasa wa 800 kwa mkono mwepesi na ufute vumbi.

Rangi ya kwanza iwe ukungu tu, uone praima chini yake. Usihangaike kuifunika. Subiri dakika 10 hadi 15, pulizia ya pili, kisha ya tatu. Anayetaka kumaliza kwa mara moja ndiye rangi inayomchuruzika. Ikichuruzika, acha ikauke hadi kesho, sugua, rudia. Kuipangusa ikiwa mbichi kunaongeza kazi.

Ukiona rangi inakimbia na kuacha vishimo vya mviringo vinavyoonyesha praima, hiyo ni silikoni. Usiendelee kupuliza juu yake ukitegemea itafunika, kwa sababu haifuniki. Acha ikauke kabisa, sugua hadi chini, rudi Hatua ya 4.

Kliya huwekwa tabaka mbili au tatu kwa namna hiyohiyo, na hasa kwa paneli za swichi ambazo mikono huzigusa kila siku. Kama rangi yako si ya kung'aa, nunua kliya ya mati, yaani isiyong'aa, maana ya kawaida itang'arisha kila kitu. Soma kopo kuhusu muda wa kurudia: rangi nyingi husema ama ndani ya saa moja, au baada ya siku moja au mbili. Ukipuliza katikati ya hapo, tabaka la chini linaweza kujikunja.

Hatua ya 8: Acha kiwe kigumu, ndipo urudishe

Baada ya nusu saa kipande kinaonekana kikavu, lakini ukikibonyeza kwa ukucha kitabaki na alama. Kaa angalau saa 24 kabla ya kukirudisha, na kama una nafasi acha wiki, ndani ya nyumba mbali na vumbi. Gari lililofungwa juani linaweza kupandisha dashibodi zaidi ya digrii 70, na rangi changa kwenye joto hilo hunasa chochote kilicholazwa juu yake, kasha la simu likiwa la kwanza.

Toa tepu kwa kuivuta taratibu ikijikunja nyuma. Rudisha swichi na soketi kwanza, jaribu kila moja kabla hujabana klipu, kisha bonyeza kwa kiganja juu ya klipu, si katikati ya kipande. Unganisha betri mwisho. Kama kioo cha dereva hakipandi tena chenyewe kwa mguso mmoja, kipandishe hadi juu na uendelee kushikilia swichi sekunde chache. Kwenye Toyota nyingi hiyo inatosha kukikumbusha kazi yake.