Sungura ametolewa kizazi Nairobi nawe uko ughaibuni: omba picha ya kinyesi

Ukimwacha sungura wako jike kwa mama au kwa mdogo wako Rongai, ukalipia upasuaji wa kutoa kizazi ukiwa Doha au Minneapolis, picha ya kwanza utakayotumiwa kwa WhatsApp itakuwa ya kidonda. Shukuru, kisha omba ya kinyesi. Kidonda mara nyingi hufunga bila matata. Kinachoua sungura baada ya kisu ni tumbo kusimama: maumivu humkatisha hamu ya kula, utumbo usiposukuma chakula gesi hujaa, maumivu huzidi, naye hukataa hata kile alichokuwa akionja.

Ndiyo maana hafungishwi chakula kabla ya upasuaji. Mbwa na paka hunyimwa kwa sababu wanaweza kutapika wakiwa usingizini. Sungura hawezi kutapika. Daktari akisema alale njaa, tafuta mwingine. Awe amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, na muulize bila haya ni sungura wangapi amewapasua na huwapa dawa gani ya maumivu. Kenya sungura wengi hufugwa kwa kitoweo, na si kila daktari wa mifugo amezoea kuwalaza na kuwaamsha.

Omba miadi ya asubuhi, arudi kabla ya foleni za jioni. Apande teksi, si bodaboda, ndani ya katoni yenye matundu, taulo na nyasi.

Akirudi asiwekwe kwenye kizimba chenye sakafu ya waya. Akae ndani ya nyumba, kona tulivu, juu ya taulo safi. Maranda ya mbao hunata kwenye mshono. Asirukeruke wala kupanda ngazi kwa siku 10, na dume akae mbali. Kati ya Juni na Agosti usiku wa Nairobi ni baridi, kwa hivyo awekewe chupa ya maji moto iliyofungwa kwa taulo, upande mmoja tu, ili asogee akizidiwa na joto.

Mbele yake kuwe na nyasi kavu (boma rhodes inafaa), maji kwenye bakuli na kishada cha dania. Kabichi na karoti zisubiri. Punje za kwanza za kinyesi zitakuwa ndogo na chache, si neno. Lakini saa 12 zikipita tangu upasuaji bila kula chochote, au bila punje hata moja, daktari apigiwe simu hapohapo, hata kama ni usiku wa manane.

Daktari akiagiza alishwe kwa bomba (lisilo na sindano, bila shaka), peleti zisagwe na kulowekwa kwa maji vuguvugu hadi ziwe uji mwepesi. Mililita 10 kwa kila kilo ya uzito, mara 4 au 5 kwa siku. Bomba lipitie pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, mililita 1 kwa wakati, ameze kwanza. Asilazwe chali: uji utaingia mapafuni. Tumbo likiwa limevimba na gumu kama ngoma, asilishwe kabisa, apelekwe.

Dawa ndipo jamaa wenye nia njema hukosea. Meloxicam ya maji (dawa ya maumivu) ipo ya miligramu 0.5 na ya 1.5 kwa mililita, kwa hivyo chupa ikibadilishwa dukani, kipimo kilekile huwa mara tatu au theluthi. Kila dozi, utumiwe picha ya lebo na ya bomba lililojazwa. Na mtu asikimbilie amoxicillin ya kumeza, yaani antibiotiki, "kwa usalama": huua bakteria wema wa utumbo, na sungura hufa kwa kuhara. Anayesaga meno, amejikunja na macho nusu yamefumba, bado anaumia.

Kidonda kitazamwe asubuhi na jioni. Hakipakwi GV wala spiriti, wala maji ya chumvi. Wekundu kidogo ni kawaida; usaha, harufu, uwazi au nzi wanaotua ni safari ya siku hiyohiyo. Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa siku ya 10 hadi 14. Kola ya shingoni ivaliwe tu akitafuna mshono, maana humzuia kula kinyesi chake laini cha usiku, ambacho anakihitaji.

Kabla ya siku yenyewe, mwandikie daktari ukitaja nani nyumbani anaruhusiwa kukubali matibabu na hadi shilingi ngapi, na umwachie mtu huyo fedha kwenye M-Pesa. Uliza pia nambari inayopokelewa usiku. Saa 9 usiku Nairobi huenda wewe uko kazini, simu imefungiwa kabatini.