Kujiandaa kwa Mdahalo wa Shule: Kalamu Kabla ya Sauti

Mwanafunzi mpya anapojiunga na klabu ya mdahalo ninayoilea hapa Moshi, hutaka kusimama mbele siku hiyohiyo, nami humnyima nafasi hiyo kwa majuma mawili. Humkalisha nyuma na karatasi, kwa sababu wengi wanaoshindwa hawakosi sauti, bali hujibu hoja ambayo upande wa pili haukuisema. Ninafuata utaratibu wa midahalo ya kimataifa ya shule: wazungumzaji watatu kila upande, dakika 8 kwa kila mmoja, kisha hotuba ya majumuisho ya dakika 4. Midahalo yetu ya Ijumaa ni mifupi zaidi, lakini kazi ni ileile.

Hatua ya 1: Andaa karatasi ya kusikilizia

Igawe karatasi safu sita, moja kwa kila mzungumzaji, ukitumia kalamu ya bluu kwa waungaji mkono na nyekundu kwa wapinzani. Andika maneno matatu au manne tu ya kila hoja, na hoja inapojibiwa, chora mshale kutoka hoja hiyo hadi jibu lake. Hoja ya wenzako isiyo na mshale bado imesimama, na mzungumzaji wa tatu anapaswa kuwakumbusha majaji hivyo.

Hatua ya 2: Jenga hoja kwa kuuliza "kwa nini"

Tulikuwa na mada isemayo kwamba bodaboda zizuiwe kuingia katikati ya mji wa Moshi. Mwanafunzi wa kidato cha pili alianza hivi: "Bodaboda ni hatari, ajali ni nyingi, watu wanaumia." Hayo ni madai matatu yanayosema jambo moja. Tulimuuliza "kwa nini?" mara tatu, akafika mahali pazuri: dereva anayedaiwa hesabu na mwenye pikipiki kila jioni hukimbizana na muda ili apate abiria wengi, na haraka hiyo ina madhara makubwa zaidi palipo na msongamano wa watembea kwa miguu, kama jirani na stendi, kwa hiyo kulizuia eneo hilo dogo kutapunguza ajali bila kumnyima kazi anayepeleka abiria Kiboriloni au Pasua. Hapo mpinzani alipata kitu cha kubishania.

Kama mdahalo ni wa Kiingereza, kama ilivyo mara nyingi sekondari, fanyeni kazi hii kwa Kiswahili kwanza. Najua baadhi ya walimu wenzangu hawakubaliani nami, lakini mwanafunzi anayetafuta neno na sababu kwa wakati mmoja hukosa vyote viwili.

Hatua ya 3: Jibu hoja kama ilivyosemwa

Rudia hoja ya mpinzani kwa namna ambayo yeye mwenyewe angeikubali, kisha onyesha kwamba si kweli, au ni kweli lakini ni nyepesi. Mpinzani aliuliza mama muuza ndizi wa Mbuyuni atabebaje mzigo wake. Jibu lililotupatia alama lilikuwa hili: "Ni kweli mama huyo atasumbuka, lakini mada inazuia bodaboda, haizuii guta wala mkokoteni."

Hatua ya 4: Tumia taarifa kwa kiasi

Taarifa ni kumkatiza mzungumzaji wa upande wa pili kwa swali fupi. Wanafunzi wameona wabunge wakisimama na kusema "Taarifa!", nao huiga kwa furaha kubwa. Tofauti ni kwamba hapa hakuna Spika wa kuruhusu. Mzungumzaji mwenyewe ndiye hukubali au kukataa, na dakika ya kwanza na ya mwisho hukatizwi. Uliza swali moja lisilozidi sekunde 15. Ukiulizwa wewe, maliza kwanza sentensi yako.

Hatua ya 5: Sasa simama

Kwa kawaida maudhui hubeba alama 40, uwasilishaji 40 na mkakati 20. Punguza salamu: niliwahi kupima "mheshimiwa mwenyekiti, majaji wasio na upendeleo, mtunza muda makini" na wenzao wote, zikala sekunde 45. Mvua ya masika ikipiga bati, usishindane nayo kwa kelele. Punguza mwendo na ufupishe sentensi.

Mdahalo ukiisha, usiitupe karatasi. Tafuta hoja za wapinzani zilizobaki bila mshale, na mazoezi ya Jumatatu yaanze kwa kuzijibu hizo.